Pua ya Dadi Likwati na Kisima Namba Saba

Asubuhi ile kijiji kizima cha Nanjelu kilikuwa kinatazama kofia yangu.

Usoni hakuna aliyenitazama. Walijua kwamba pua yangu ikigusa gesi ya kale, ile inayotoka chini kabisa kwenye miamba, mkono wangu wa kulia hupanda wenyewe, hunyoosha kofia, kiuno kikainama, sauti ikashuka kama ya mwanamume aliyekutana na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba. Sifanyi kusudi. Methani haina harufu, hata mbwa hainusi. Madaktari walionipandikiza vijidudu puani walinieleza kwamba vijidudu vile hula gesi hiyo, na kila vikila vinatoa cheche ndogo ya umeme inayopanda kichwani. Ubongo haujawahi kuijua harufu hiyo, kwa hiyo unajichagulia wenyewe wa kuifananisha na nini. Mnusaji wa kijiji cha jirani, ubongo wake ulichagua kashata. Huyo anaitafuta gesi huku anameza mate. Wangu ulichagua mafuta ya nywele ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke niliyemwogopa kuliko simba. Na simba nimekutana nao wawili, mmoja akaniamkia.

Gesi mbichi nainusa pia, ile ya ng'ombe, ya choo, ya watu waliokula maharage. Hiyo nainyamazia. Hata hivyo watu wameacha kunialika harusini.

"Kisima cha kumi na nne," alisema Injinia Kokuhirwa wa kampuni ya gesi, akachovya brashi kwenye ndoo ya povu la sabuni. "Cha mwisho, mzee wangu."

Alipaka povu kwenye kila kiungo cha bomba kama mama anayempaka mtoto mafuta. Gesi ikiwa inatoka, hata kidogo, povu hufura. Halikufura. Lilikaa, likateleza, likadondoka chini. Nami nikazunguka kisima mara mbili, pua mbele, nikielekea upepo. Kofia haikuondoka mahali pake.

"Safi," nikasema.

"Safi," akarudia, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso umekunjamana.

Ungekuwa yeye ungefurahi? Kwa siku tatu setilaiti ilikuwa inaona wingu la methani juu ya ardhi ya Nanjelu. Setilaiti inajua kusema wingu lipo. Limetoka wapi, hiyo kazi ni ya pua. Zamani, kabla ya sheria ya pua, kampuni zilitumia mashine za kunusa, wakazitega upande upepo unakotokea. Zikaja droni, wakazirusha siku ambazo vali zimefungwa. Basi ikaamuliwa kwamba kila ardhi iliyokodishwa kwa gesi, wenye ardhi wamchague mtu wao mmoja apandikizwe pua, na neno lake mbele ya hakimu ndilo ushahidi. Siku tatu za kutafuta. Chanzo kisipojulikana, kinahesabiwa ni cha kampuni iliyokodi, mkataba unavunjwa, visima vinafungwa, na injinia aliyesaini matunzo ananyang'anywa leseni maisha yake yote.

Siku ya tatu ndiyo ile. Hakimu alikuwa anakaa saa tisa alasiri.

"Vali mia mbili na sita," Kokuhirwa alisema. "Nimezing'oa kwa mkono huu."

Nilizijua vali zile za zamani, nilizihudumia ujanani. Ziliendeshwa kwa presha ya gesi yenyewe, na kila zilipofunguka zilipumua kidogo hewani, fyuu, kama mzee anayeinuka kitini. Vali moja si kitu. Maelfu yakipumua fyuu, fyuu, kutwa kucha, miaka nenda rudi, dunia inapata homa. Binti huyu wa Bukoba alizing'oa zote kwa miezi kumi na mmoja, akaweka za umeme wa jua. Tangu hapo pua yangu visimani ilikuwa imelala usingizi.

"Nikinyang'anywa leseni narudi nyumbani nikauze senene," akasema.

"Senene wana msimu, mwanangu. Miezi mingine utakula nini?"

"Nitakuja kwako unilishe."

"Kwangu mimi? Mimi mwenyewe nakula kwa dada yangu."

Akacheka kidogo, cheko la mtu anayelipa deni. Nikamwacha pale kwenye ndoo, nikashuka kijijini.

*

Ofisini kwa kijiji nilimkuta mpwa wangu Bakili akipanga viti. Bakili ni mwenyekiti wa kamati ya ardhi, mtu wa miaka arobaini na minane, mwili kama mlango wa ghala. Ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni wako kabla hajawa wa babake.

"Shikamoo, mjomba. Umepata kitu?"

"Marahaba. Sijapata."

"Vizuri. Usipate."

Nikamtazama. Akaweka kiti chini, akasogea karibu.

"Sikwambii udanganye, mjomba. Akikuuliza, sema hujui. Neno moja tu. Sheria itamaliza yaliyobaki. Mkataba unakufa leo, na vijana wetu mia tatu wanapata mashamba."

"Na yule binti?"

"Yule binti ana shahada mbili. Kijana wa hapa ana jembe moja, na hana pa kulichomeka."

La kwanza lilikuwa kweli, na la pili pia. Tena wakati ule nilikuwa sijui kweli. Neno "sijui" lilikuwa halali yangu kabisa, nililimiliki kama shati. Nikaenda zangu kula.

Dada yangu Sikudhani anapika kwa kuni. Nanjelu inawasha taa za nusu ya nchi kwa gesi iliyo chini ya miguu yetu, lakini yeye anasema chakula cha gesi hakina akili. Jiko lake ni banda la peke yake nyuma ya nyumba, mafiga matatu, pipa la maji, na saa moja kubwa ya ukutani ambayo hakuna ajuaye kwa nini iko jikoni.

Nilifika mlangoni. Mkono wangu ukapanda. Kofia ikanyooka. Kiuno kikainama, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, laini kama pamba, "Hodi, mama."

Sikudhani akageuka na mwiko mkononi. "Unamwamkia nani? Mimi ni dada yako, si mkweo."

Mafuta ya nywele. Yalikuwa yamejaa banda zima, yanatoka chini, kwenye ufa wa sakafu karibu na pipa. Na hatua nne kutoka kwenye ufa ule, moto wa kuni ulikuwa unacheza chini ya chungu cha wali.

"Nyoka!" nikapiga kelele.

"Wapi?"

"Nyuma ya pipa! Mkubwa! Toka, dada, toka!"

Nikanyakua ndoo ya maji, nikaimwaga kwenye mafiga, moto, wali, samaki, kila kitu. Moshi ukapanda.

"Dadi! Umemwaga maji kwenye wali wangu!"

"Nyoka huyu anapenda joto."

"Nyoka gani anapenda wali?"

Nilimsukuma hadi nje. Nikang'oa mlango kwenye bawaba, nikabomoa madirisha mawili ya miti ili hewa ipite, nikafunga kamba kuzunguka ua wote, nikawaapisha majirani wasiwashe hata kiberiti. Sikudhani alisimama nyuma ya kamba, mikono kiunoni, akiwauliza watu kama wamewahi kuona nyoka anayefungiwa kamba.

Nami nikaenda kuketi nyuma ya nyumba. Pale ndipo nilipojua niko juu ya kitu gani.

*

Kisima namba saba. Kilichimbwa miaka thelathini na minane nyuma, mwaka elfu mbili thelathini na nne, na kampuni ya kwanza kabisa iliyokodi ardhi yetu, ambayo siku hizi haipo hata kwa jina. Gesi yake ilikuwa kidogo, wakaamua kukiziba. Fundi wa kuziba nilikuwa mimi.

Kuziba kisima ni kushusha saruji ndani ya bomba na kuiacha. Kuiacha ndiyo kazi yenyewe. Saruji ile inahitaji mchana na usiku mzima ishike, ndipo uisukume kwa presha uone kama inastahimili, ndipo usaini. Ukiisumbua kabla haijashika, gesi hupenya ndani yake ikaacha njia nyembamba kama uzi wa buibui. Njia hiyo haizibi tena. Leo haipitishi kitu, mwakani haipitishi kitu, siku moja miamba inajinyoosha kidogo, na uzi unakuwa mrija.

Niliimwaga saruji saa mbili usiku. Nilitakiwa kusubiri hadi saa mbili usiku wa kesho yake. Lakini kesho yake saa nne asubuhi vijana walikuwa wanatoka likumbini, kambi ya jando, na kati yao alikuwamo Bakili, miaka kumi. Kwetu mtoto hatoki jandoni bila mjomba wake kumshika mkono mbele ya watu. Asiye na mjomba siku ile hushikwa na mgeni, na wenzake humkumbusha mpaka anazeeka. Dada yangu alikuwa ameniletea ujumbe mara tatu. Basi saa mbili asubuhi nikaisukuma saruji, ikatikisika kidogo, nikasema ni pampu, nikasaini, nikakimbia.

Wakakata bomba mita moja chini ya ardhi, wakafukia, wakaturudishia kile kipande cha shamba. Na dada yangu alipotafuta pa kujenga, aliniuliza mimi, mtaalamu. Nikamwambia: jenga pale, nimepashindilia saruji hadi kuzimu, hata mchwa hawapandi.

Nilikaa nyuma ya nyumba hiyo nikipiga hesabu zangu. Wingu limetoka hapa, si visimani kwa Kokuhirwa. Nikisema ukweli, najivua nguo mbele ya kijiji, mkataba unabaki, na mpwa wangu anapoteza alichokipigania miaka sita. Nikisema "sijui", sifichuki. Binti anarudi kwao, vijana wanapata ardhi, nami dada yangu namhamisha kwa visingizio. Nyoka nitawazaa wengine. Lakini kampuni ikifunga virago inaondoka na mitambo yake, na saruji yake, na mtu pekee hapa anayejua kuziba kisima sawasawa. Kitabaki kile kisima kinapumua, na mimi najua, na pua yangu inaniinamisha kila nikipita.

Asubuhi "sijui" lilikuwa neno langu halali. Saa nane mchana lilikuwa tayari ni la wizi.

*

Hakimu alikuwa mama mwembamba wa sauti ndogo, aina ya watu wanaofanya umati unyamaze ili uwasikie. Banda la ofisi lilijaa hadi nje. Kokuhirwa aliketi mbele, peke yake, magoti pamoja, na kitabu chake cha matunzo mapajani. Bakili aliketi upande wa wenye ardhi. Alinitikisia kichwa kidogo sana.

"Mnusaji wa Nanjelu," alisema hakimu, "umeapa. Umezunguka visima vyote vya kampuni iliyokodi?"

"Nimevizunguka, mheshimiwa. Vyote kumi na vinne. Ni safi."

"Je, gesi hii inatoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Mbele yangu kifua cha Bakili kilikuwa hakipandi wala hakishuki.

"Sij—" nikaanza.

"Mheshimiwa!" Sauti ya nyuma. Sikudhani, amesimama juu ya benchi. "Kabla hajajibu, naomba mahakama imwamuru aje amtoe nyoka wangu jikoni. Tangu mchana watu wangu hawajala."

Banda likaangua kicheko. Hakimu akainua mkono.

"Nyoka gani, mama?"

"Muulize huyo. Mimi sijamwona. Yeye tu ndiye kamwona, kamwinamia mpaka chini, na kofia kainyoosha."

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa panga. Hakuna mtu Nanjelu asiyejua maana ya kofia. Macho mia mbili yalitoka kwa dada yangu yakaja kwangu. Kokuhirwa alisimama, akaketi tena.

Ningeweza bado kusema. Ningeweza kusema nilikuwa najikuna. Uongo wa kuokoa kofia ninao mwingi, nimeuhifadhi maisha yangu yote kwa siku kama ile. Lakini nilimwona dada yangu juu ya benchi, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, aliyepika miaka ishirini juu ya saini yangu.

"Hakuna nyoka," nikasema. "Ni kisima namba saba. Kiko chini ya jiko la dada yangu. Nilikiziba mimi, nikakisaini masaa kumi na mawili kabla ya wakati wake. Saini ile ilikuwa ya uongo. Hakihusiani na binti huyu kwa lolote."

Nilidhani nitazimia. Badala yake, nakuapia, nilihisi njaa. Njaa kali, nzuri, ya mtu aliyetoka kupona malaria. Pumzi ilishuka mpaka mahali ambapo haikuwa imefika tangu saa sita. Ningeletewa ule wali wenye maji ningeula wote.

"Kwa nini ulisaini?" aliuliza hakimu.

"Nilikuwa nawahi jando, mheshimiwa."

"La nani?"

Bakili aliinuka polepole, viti viwili vikaanguka.

"Langu," akasema.

Kisha akanigeukia. "Ulikuja na buti za kazini. Zina saruji. Niliwatambia wenzangu wote kwamba mjomba wangu ametoka kazini moja kwa moja kwa ajili yangu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ungeniacha nishikwe na mgeni."

"Leo naona hivyo. Siku ile sikuona."

Akamtazama hakimu. "Mheshimiwa, mimi nataka mkataba huu ufe. Nitautafutia kifo kingine. Hiki siyo." Akaketi, kiti hakikuwapo, akakaa chini, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mama yake.

Kokuhirwa hakungoja hukumu. Alikuwa tayari mlangoni, anaongea na simu: gari la saruji, pampu, geji mbili za kupima presha, leo, sasa hivi. Hakimu akamwita.

"Injinia. Hicho ni kisima yatima. Aliyekichimba hayupo tena. Sheria haisemi ni chako."

"Sheria ikimaliza kufikiri, mheshimiwa, jiko la mama litakuwa limeruka," alisema Kokuhirwa. "Nikamatwe kesho."

Hakimu akaandika kitu. Baadaye nilikiona: aliandika *asikamatwe*.

*

Tulichimba kwa majembe ya mkono, tukimwaga maji kila pigo, kwa sababu chuma kikigongana na chuma hutoa cheche. Nami nilikuwa dira yao. Nilitambaa kwenye sakafu ya jiko kwa magoti, pua chini, na pale nilipojikuta naomba radhi kwa sauti laini, pale wakachimba. Vijana walioshika majembe walikuwa walewale waliotarajia mashamba. Mmoja alinipita akasema, "Babu, umetukosesha shamba." Mwingine akasema, "Umetukosesha pia kulipuka, kaa upande." Nikakaa upande.

Bakili alichimba kuliko wote. Hakuacha mpaka mfuniko wa bomba ulipotokeza, namba saba imechongwa juu yake kwa patasi yangu mwenyewe. Kokuhirwa akapaka povu. Likafura papo hapo, mapovu makubwa kama macho ya chura.

"Huyu hapa nyoka wako, mama," Bakili alimwambia Sikudhani.

"Mwembamba," akasema Sikudhani. "Dadi alisema mkubwa."

Kabla ya jua kuzama saruji mpya ilikuwa imeshuka. Wakati watu wanakunja mipira ya pampu, Kokuhirwa alimtandikia Bakili ramani juu ya boneti ya gari. Alimwonyesha vipande sita vya ardhi kuzunguka visima vilivyokufa, vilivyo ndani ya mkataba ingawa hakuna anayevitumia.

"Kwa nini havikurudishwa?" Bakili aliuliza.

"Hakuna aliyeviomba. Na hakuna aliyejua visima viko wapi hasa. Vikikaguliwa na kuzibwa sawasawa, naweza kuandika kwamba hatuvihitaji."

"Ni robo tu ya tunachotaka."

"Ni robo," akakubali.

Bakili alikunja ramani, akaiweka mfukoni mwake bila kuomba. Kisha akanijia mimi. "Visima hivyo, mjomba, unakumbuka vilipo?"

"Vingine nakumbuka. Vingine nitaviinamia."

Hukumu yangu ilisomwa palepale uani, hakimu ameketi juu ya kinu. Saini zangu zote zilifutwa, zilizopita na zijazo. Sitasaini kitu chochote cha kisima mpaka naingia kaburini. Nikauliza kuhusu pua, kama wataing'oa.

"Pua haijaapa uongo," akasema. "Uliokosa ni mkono. Pua ibaki kazini."

Nilimshukuru, nikakaa chini kwa furaha kama niliyetuzwa. Kuna watu wanaogopa kuvuliwa madaraka. Hao hawajawahi kulala miaka thelathini na minane juu ya saini.

*

Saruji ilipewa mchana wake na usiku wake, kamili, na kesho yake jioni ikasukumwa kwa presha. Nusu saa. Sindano ya geji ilisimama wima, haikuteteremka hata unywele. Kokuhirwa alifunga macho, akashusha pumzi ndefu, akajifuta jasho kwa mkono wenye saruji. Nami nikasogeza pua kwenye mfuniko. Nikanusa moshi wa jana, nikanusa udongo uliochimbuliwa, nikanusa jasho la vijana. Kofia ikatulia kichwani. Mgongo ulinyooka kabisa, nikasimama mbele ya kijiji mrefu kuliko nilivyozaliwa.

"Imeshika," nikasema, na ua wote ukapiga vigelegele.

Zikabaki saini mbili: ya injinia na ya shahidi wa wenye ardhi. Kokuhirwa akasaini. Mimi mkono wangu umekufa kisheria. Hakimu akatazama huku na huku, akaulizia jiko hili ni la nani.

"Langu," alisema Sikudhani.

"Basi utasaini wewe, mama."

Sikudhani alishika kalamu kama anayeshika mkia wa kitu. Alikuwa hajawahi kusaini karatasi ya serikali maishani mwake. Hakimu alikuwa na ndege ya kuwahi, dereva wake alikwisha washa gari nje ya ua.

"Hii sindano," dada yangu aliuliza, "ikishuka ni nini?"

"Ikishuka, mama, ndiyo kuna tundu," alijibu Kokuhirwa.

"Na haijashuka."

"Haijashuka."

"Labda imekwama. Saa yangu ya ukutani nayo haishuki, mwaka wa nne huu."

Watu wakacheka. Kokuhirwa hakucheka. Alifungua geji ile, akafunga ya pili, wakasukuma upya. Nusu saa nyingine. Dereva akaja kuchungulia, akarudi. Sindano ilisimama.

"Sasa nionyesheni na lile povu," alisema Sikudhani.

Wakamwonyesha povu. Alipiga magoti, miaka sabini na mmoja, akaweka uso karibu kabisa, akalitazama likikaa, likiteleza, likidondoka. Alilazimisha lipakwe upande wa pili. Aliuliza saruji ile ilimwagwa saa ngapi, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kuanzia kidole kingine. Aliuliza ni nani aliyekuwa na harusi, ngoma, msiba au safari siku ile, aseme sasa.

Hakimu alitazama saa yake. Aliitazama mara ya pili. Kisha akatoka nje, nikamsikia anamwambia dereva azime gari.

"Mama," Bakili alisema kwa upole, "umeridhika?"

Sikudhani aliinuka, akajikung'uta magoti, akaiweka kalamu nyuma ya sikio kama fundi seremala. Nyuso zote zilikuwa zimechoka, zimejaa vumbi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumharakisha. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta uliobomoka, nimeshiba, sina haraka na kitu chochote chini ya jua.

"Karibu niridhike," akasema dada yangu. "Rudieni."

Nikaenda kuleta sabuni.